King'ora na Kadi ya Gigi Kumi na Mbili

Jumapili ya kumi na nne mfululizo, King'ora alishindwa na mkwe wake kwa adabu kubwa.

Ndiyo ilikuwa kawaida yao. Kila Jumapili saa nne asubuhi, mwanamke huyu wa miaka sitini na sita alivaa miwani, akakaa mbele ya kompyuta sebuleni kwake, akashika usukani wa plastiki uliobanwa kwenye ukingo wa meza ya chakula, kisha akashindana mbio za magari na mume wa binti yake, ambaye naye alikuwa kwake, upande wa pili wa mji, mbele ya kompyuta yake. Mkwe alikuwa daktari wa meno, mpole kupita kiasi, mtu wa kubisha hodi kwenye mlango ambao uko wazi. Hata mchezoni hakuweza kumpita mama mkwe wake bila kuomba ruhusa. "Mama, samahani, naomba nipite kushoto," sauti yake ilisema kwenye hedifoni, na King'ora kabla hajajibu, gari jekundu la daktari lilikuwa limeshatokomea. Likifika mwisho lilimsubiri. "Umejitahidi sana, mama," daktari alisema.

Hilo "umejitahidi" lilimkera kuliko kushindwa kwenyewe. Wakati fulani daktari alijaribu kumwachia ashinde, akajifanya gari limemtoka na kuingia kwenye nyasi. King'ora alilijua gari lililoteleza na gari lililotelezeshwa. Alimnunia wiki mbili, na tangu hapo daktari akawa anashinda kihalali, kila mara, kwa masikitiko.

Na huyu hakuwa mtu wa kuambiwa amejitahidi. Aliendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na saba. Jina la King'ora alilipata kazini siku king'ora cha gari kilipokufa katikati ya foleni, akafungua dirisha, akatoa kichwa, akapiga ukelele yeye mwenyewe mpaka mlango wa hospitali. Magari yote yalimpisha, na mgonjwa alipopona alisema kilichomwogopesha si ugonjwa. Tangu siku hiyo jina lake la vyetini halikutumika tena.

Sasa, Jumapili hiyo ya kumi na nne, sauti iliyofuata kwenye hedifoni haikuwa ya daktari. Ilikuwa ya binti yake. Binti huyu alikuwa mpima ardhi, na ukaidi wake hakuuokota barabarani. Alikuwa amezaliwa na King'ora.

"Mama, mwezi uliopita ulianguka kwenye stuli ukibadilisha balbu."

"Stuli ilikuwa mbovu."

"Na kila Jumapili tunakuona. Unafika kwenye kona, mikono inachelewa. Njoo ukae na sisi. Chumba kipo, dirisha linatazama bustani."

"Mikono yangu haijachelewa popote."

"Basi nionyeshe," alisema binti. "Maneno hayapimiki. Jumapili ijayo, mbio moja tu. Barabara uchague wewe. Ukimshinda, habari ya kuhama sitaitamka tena. Ukishindwa, Jumatatu nakuja na gari la mizigo."

"Sawa," alisema King'ora, na kwa kuwa mdomo wake siku zote ulitangulia mbele ya akili, alikuwa ameshakata simu ya mchezo ndipo akili ikafika na kuuliza kulikoni.

Aliangalia sebule yake. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili, bomba la jikoni likidondoka, pazia moja refu kuliko lingine. Lakini ilikuwa yake. Alifungua redio kwa sauti aliyotaka, akalala alipochoka, akala mkate akiwa amesimama dirishani bila mtu wa kumuuliza kwa nini hakai. Kwa binti angependwa sana, hilo alilijua. Angependwa kuanzia asubuhi mpaka jioni, angewekewa mto mgongoni, na balbu zote zingebadilishwa na watu wengine.

Na jambo jingine alilijua ambalo hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba binti alikuwa anasema kweli. Aliiona kona, mikono ikakata usukani, halafu gari likakata nyuma ya wakati. Mara kumi na nne. Mtu akichelewa mara kumi na nne atalaumu stuli gani?

Jumanne, akitaka kujua kama si mashine inayochelewa, aliitia kompyuta kwenye begi la magurudumu, akaifunika kwa taulo, akaiburuta mpaka kwa fundi.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Bi Skrubu, kwa sababu daima alikuwa na skrubu mbili tatu mdomoni na alizungumza hivyohivyo bila kumeza hata moja. Karakana yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, kwa hiyo chumba kizima kilinuka ukuta mpya. Alimsikiliza King'ora habari yote, kuanzia stuli mpaka gari la mizigo, akaiunganisha kompyuta na skrini yake, akamkabidhi usukani.

"Endesha, shangazi. Mimi naangalia."

King'ora aliendesha. Kwenye kona ya juu ya skrini Bi Skrubu aliwasha kinamba cha kijani. Thelathini na nane. Thelathini na saba. Thelathini na nane.

"Hicho nini?"

"Hizo ni picha ambazo kompyuta inakuchorea kila sekunde. Gari linapotembea ni picha nyingi zinafuatana. Zikiwa chache, unachokiona kimeshapita." Fundi alizima mashine, akafungua ubavu wake, akachomoa kadi pana ya kuchorea picha, yenye feni mbili, na kupuliza vumbi. Mahali pake akachomeka nyingine, fupi, iliyokuwa imelala juu ya meza. "Hii ya mteja, anaifuata saa kumi. Jaribu tena barabara ileile."

Kinamba kikaruka mpaka mia na kumi. King'ora aliingia kwenye kona ya kwanza kama alivyozoea na akashtuka, maana gari lilikata pale alipokata yeye. Kona ya pili alipata moyo. Kona ya tatu, ile ya daraja ambayo kwa Jumapili kumi na nne ilikuwa ikimtupa mtoni, aliimaliza kwa mkono mmoja huku mwingine ukisukuma miwani puani.

Alisimamisha gari. Akaanza kucheka, akacheka mpaka wauza rangi wa chini wakatazamana.

"Si mimi," alisema akifuta macho.

"Si wewe, shangazi. Ni kadi."

"Miezi mitatu najiona nimekwisha, mwanangu. Nilianza hata kugawa vyombo."

Bi Skrubu aliigeuza ile kadi pana, akasoma karatasi ndogo iliyobandikwa mgongoni. "Umepewa na nani?"

"Mkwe. Alinunua mbili siku moja, yangu na yake. Yangu ya gigi kumi na mbili, yake ya sita. Alisema mama hawezi kupewa ndogo."

Fundi alicheka kwa pua, skrubu zikagongana. Akaeleza. Gigi zilikuwa kumbukumbu ya kadi, yaani nafasi ya kuweka picha za kuta, lami, miti na nguo za watu ili zichukuliwe haraka zinapohitajika. Lakini kuchora kwenyewe kulifanywa na kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa na mapigo yake, yaani kasi yake ya kazi. Kadi ya King'ora ilikuwa na nafasi ya kutosha kuweka mji mzima, ila mapigo yake yalikuwa ya pole na wachoraji wake wa ndani walikuwa wachache. Ya daktari ilikuwa na nafasi nusu na mapigo karibu maradufu. Kwenye barabara nyepesi zinazotumia gigi nne tu, zile nane zilizobaki zilikaa bure.

King'ora aliyageuza maneno hayo kichwani mpaka yakaingia kwenye lugha yake. "Ngoja. Mkwe wangu amenipa gari la machela kumi na mbili lenye injini ya cherehani."

"Hapohapo."

"Naye anakwenda na gari la machela sita, injini ya moto. Na kila Jumapili tunabeba wagonjwa wanne."

"Shangazi, ungekuja kufanya kazi hapa."

Daktari wa watu hakuwa na ubaya wowote. Alisimama dukani, akasoma namba mbili kwenye maboksi mawili, akampa mama mkwe wake namba kubwa na kubaki na ndogo, kama ambavyo angempa paja la kuku na kubaki na shingo. Heshima ndiyo ilimponza King'ora, na huwezi kumnunia mtu kwa heshima, ingawa kwa dakika moja alijaribu.

Kadi nyingine ya kasi dukani haikuwepo, na ya kuagiza ingefika baada ya wiki tatu. Bi Skrubu alisema kuna njia ya kuyasukuma mapigo ya kadi yapite yalipopangwa na kiwanda. Akayasukuma kidogo, kinamba kikafika arobaini na moja. King'ora akasema ongeza. Akaongeza, feni zikalia, kadi ikapata joto la pasi, halafu skrini ikajaa miraba ya zambarau na kijani, ikawa nyeusi tii.

"Imekataa," alisema fundi, akayarudisha mapigo mahali pake.

King'ora alikaa juu ya begi lake la magurudumu. Miaka ishirini na saba hakuwahi kuchagua gari. Asubuhi ulipewa funguo za lile lililokuwepo, mara nyingi bovu, na kazi yako ilikuwa kuijua njia ambayo gari hilo lingeipita kuliko mengine. Lenye magurudumu mapana alilipitisha kwenye matope ambako wenzake walinasa.

"Fundi," alisema taratibu. "Na wagonjwa wakiwa kumi?"

Bi Skrubu alitoa skrubu zote mdomoni na kuziweka kwenye kisahani. Jambo hilo halikutokea mara nyingi.

Mchezo ule ulikuwa na barabara iliyoitwa Mji wa Mvua, mizunguko mitatu, maduka elfu, kila dimbwi likionyesha taa, kila mwavuli na ua lake. Ubora wa picha ukipandishwa juu kabisa, ulikula gigi kumi. Bi Skrubu alieleza kwamba kadi ya gigi sita ikijaa, vilivyobaki huwekwa kwenye kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta, mbali, na kadi hulazimika kuvisubiri kila vinapohitajika. Picha hukwama, huruka, hukwama tena, hata mapigo yawe ya haraka namna gani.

"Na mimi?"

"Wewe utakwenda na thelathini na sita zako, pole pole, hukwami."

"Hii si hila?"

"Aliyesema barabara uchague wewe ni nani?"

Hata hivyo King'ora hakutaka kushinda kwa mlango wa nyuma. Jioni ileile alimpigia daktari na kumwambia wazi: Mji wa Mvua, picha bora kabisa, kwako na kwangu, na mtu asiguse ubora huo mpaka mbio ziishe. "Sawa kabisa, mama," alisema daktari, akafurahi kwamba mama amechagua barabara nzuri ya kutazama.

Siku nne zilizobaki aliendesha mpaka viungo vya vidole vikauma. Sasa alijua kwamba anachokiona kimeshapita kidogo, kwa hiyo hakuisubiri kona ifike. Gari la wagonjwa lililojaa lilikuwa hivyohivyo; ulikata usukani mapema, ukaliacha lifikirie, likaja. Kufikia Jumamosi aliyajua madimbwi yote kwa mpangilio wake.

Jumapili saa nne Bi Skrubu alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi la King'ora na kikombe cha chai, akisema amekuja kuangalia feni tu. Kule upande wa pili binti alikuwa amekaa karibu na mumewe. Taa tatu nyekundu zikawaka, zikazimika, magari yakaruka.

Barabara ya kutoka nje ya mji ilikuwa nyeupe na tupu, na hapo daktari alikwenda kama mtu aliyesahau kitu jikoni. "Mama, samahani, napita kulia," akapita, akawa nukta. Bi Skrubu alikunywa chai. King'ora alibana meno, akaendelea na mwendo wake, akaingia kwenye mtaa wa kwanza wa maduka. Katikati ya mtaa aliliona gari jekundu limegonga kibanda cha maua.

"Mama, samahani," alisema daktari. "Nimeganda kidogo."

"Pole, baba," alisema King'ora, akapita.

Mzunguko wa pili ulikuwa vilevile. Nje ya mji daktari alimfikia na kumwacha, ndani ya mji picha zake zilikwama na gari likakumbatia kila nguzo iliyojitolea. King'ora alihisi furaha ikimpanda toka miguuni. Ndipo aliposikia, mbali kidogo na kinasa sauti, binti yake akinong'ona.

"Punguza ubora wa picha. Kitufe hicho hapo. Yeye haoni kwake."

Miguu ya King'ora ilipoa. Ilikuwa kweli; kila kompyuta ilikuwa na kitufe chake, na kitufe kimoja tu kingempa daktari kasi yake yote. Bi Skrubu alishusha kikombe.

"Tulikubaliana na mama," alisema daktari.

"Lakini atabaki peke yake kule," alisema binti, na sauti yake haikuwa ya mpima ardhi tena. "Siku akianguka nitajuaje?"

King'ora alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Alikuwa ameuona ukaidi wa binti yake na kuutambua kama wake, lakini hofu iliyokuwa chini yake hakuiona, ingawa nayo ilifanana na ile yake mwenyewe. Gari lake lilipunguza mwendo lenyewe, au mguu ndio ulipunguza. Mstari wa tatu wa maduka ulimpita polepole.

"Shangazi," alisema Bi Skrubu. "Pedeli."

"Mwanangu," King'ora alisema kwenye kinasa sauti. "Nitakupigia kila asubuhi saa mbili. Siku nisipopiga, njoo na gari la mizigo, njoo na zimamoto, njoo na unachotaka. Umenisikia?"

"Nimekusikia," alisema binti.

"Haya. Sasa niache nimpige mume wako."

Akakanyaga. Mzunguko wa tatu, mji uliisha naye akiwa mbele sana, daktari akiwa bado anajinasua kwenye lundo la miavuli. Lakini mstari wa mwisho ulikuwa nje ya mji, baada ya barabara ndefu iliyonyooka na kona moja ya kushoto yenye dimbwi kubwa. Kwenye barabara hiyo hapakuwa na kitu cha kuchora ila mvua na lami. Kwenye kioo cha nyuma gari jekundu lilitokea, likakua, likajaa kioo kizima. Safari hii daktari hakuomba. Alitoka upande wa kulia bila neno, akawa sambamba naye, akampita kwa bampa.

Thelathini na sita. Thelathini na sita. King'ora hakuitazama kona. Alihesabu moyoni, akakata usukani huku barabara kwenye skrini ikiwa bado imenyooka, na Bi Skrubu akafumba macho. Daktari, ambaye aliona kila kitu wakati wake hasa, aliliona dimbwi kwa wakati wake hasa, akashika breki kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. King'ora hakushika. Gari lake lilifikiria, likaja, likakata dimbwi kwa ubavu, maji yakafunika skrini nzima.

Maji yaliposhuka alikuwa amevuka. Kinamba katikati ya skrini kilisema ameshinda kwa mita moja na nusu.

Bi Skrubu alimwaga chai yote kwenye kochi. King'ora alivua miwani akaishika, maana ilikuwa imepata ukungu. Akaitazama mikono yake, akaona ni mikono ya mtu aliyeshinda.

"Mita moja na nusu," alisema binti kwenye hedifoni. Alipiga chafya, au alilia, au vyote viwili. "Imepimwa. Sisemi tena."

Kisha daktari, ambaye kwa miaka tisa ya ndoa hakuwahi kupandisha sauti mbele ya mama mkwe wake, akaipandisha. "Hapana, mama. Hapana kabisa. Mtu hapiti dimbwi lile bila breki. Nataka marudiano, na barabara nachagua mimi, na leo hii hii."

King'ora alifumba macho akayasikiliza maneno hayo vizuri. Tangu astaafu watu walimsindikiza, walimpisha, walimsifu kwa kujitahidi. Hakuna aliyewahi kumkasirikia namna hii, kama mtu anavyomkasirikia dereva mwenzake.

"Wakati wowote, baba," alisema, akaikaza tena miwani puani. "Mimi nipo kwangu."